Kiti cha Mared

Luned wa Hafod Wen alikuwa amezamisha mkono mpaka kiwikoni ndani ya kondoo jike, akiutafuta mguu wa mwanakondoo aliyekaa kombo tumboni, na hiyo ndiyo saa aliyoichagua Arwel Tudor kuja kuzungumza naye mambo ya ushairi.

"Naona una kazi," alisema Arwel kutoka mlangoni. Alivaa viatu vya kanisani, na zizi la kondoo wanaozaa si mahali pa viatu hivyo.

"Macho unayo," Luned alimjibu. "Sema."

Arwel ni katibu wa kamati ya tamasha letu. Mtu mwema, hana baya na mtu, ila ugomvi anauogopa kama wengine wanavyoogopa mbwa. Alikohoa, akatazama paa la zizi, akatazama viatu vyake.

"Kamati haitaki kukuingilia," alianza.

"Vizuri. Rudi ukawaambie mmefanikiwa."

"Luned, nisikilize basi. Tumekaa, tukaona tukukumbushe tu kwamba kiti cha mwaka huu ni cha Nest. Yaani, cha Mared. Nest ameniambia kwa kinywa chake, kiti cha mwanangu kisikose mtu. Haombi kingine."

Luned alikuwa ameupata mguu. Akauvuta polepole, akaupata na wa pili, na mwanakondoo akatoka mzima mzima akaanguka kwenye majani makavu, amelowa na amekasirika. Luned akamfuta pua, akampiga mbavuni mara mbili mpaka akapiga chafya, akamsukuma kwa mama yake. Ndipo akageuka.

Huku kwetu kwenye mabonde ya Wales mshindi wa shairi kubwa hapewi kikombe wala bahasha. Anapewa kiti. Kiti cha mbao, chenye mgongo mrefu na mikono, kilichochongwa mwaka huo kwa ajili ya siku hiyo, na anakalishwa juu yake mbele ya kijiji kizima kama mfalme. Na kama mashairi yote yaliyoletwa hayafai, jaji, ambaye kwetu ni Luned, anasimama jukwaani na kusema hivyo hivyo, hayafai, na kiti kinabaki bila mtu. Ndiyo desturi. Kila mtu anaisifu, anasema hiyo ndiyo inayotufanya tuwe sisi, mpaka siku inapomgusa mtu anayempenda.

Kiti cha mwaka huo kilitolewa na Nest Posta, na hatumwiti hivyo kwa kejeli, ni kwamba duka la posta ni lake na huku mtu huitwa kwa kazi yake au kwa shamba lake. Meilyr seremala alikichonga kutokana na mti uliokuwa nyuma ya nyumba ya Nest, ule ambao Mared alikuwa akiupanda tangu utotoni na kutukana wapita njia. Mared alikuwa binti pekee wa Nest. Alifariki kwa saratani ya damu, hajatimiza miaka ishirini, katika hospitali ya mjini kule pwani, na mashairi ya mwaka huo yalitakiwa kumhusu yeye.

"Nimesikia mashairi ni matatu," Arwel alisema.

"Wewe ndiye uliyeniletea, Arwel. Ulisikia kutoka kwa nani, kwa mkoba wako?"

"Nasema tu. Moja, wanasema, halina kasoro."

"Wanasema akina nani? Dyfan na kioo chake?"

Arwel alicheka kidogo, akajizuia. Dyfan Trefor, mwalimu mkuu mstaafu, watu humwita Dyfan Viti. Ameshinda viti vingi kiasi kwamba mgeni akifika sebuleni kwake hana pa kukaa isipokuwa juu ya ushindi wa mwenye nyumba. Akisikia kuna tamasha mahali, hata bonde la saba, shairi lake limefika kabla ya tangazo.

"Basi mpe Dyfan," Arwel alisema. "Sherehe ifanyike, tarumbeta ipigwe, Nest aone mtu amekaa. Au..." Akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mwingine ila kondoo. "Au lile la Dirisha. Ukiliinua hilo, Luned, hakuna mtu bonde zima atakayekunyooshea kidole. Hata Dyfan mwenyewe."

Kwa hiyo alijua. Washairi wetu huleta kazi zao kwa lakabu, na majina ya kweli hufungwa kwenye bahasha, katibu akakaa nayo mpaka siku yenyewe, jaji asipendelee. Lakini bonde hili ni dogo, na mtu hutambulika kwa mstari wake kama anavyotambulika kwa kikohozi chake kanisani. Dirisha alikuwa Nest. Luned alijua kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza.

"Nipe ile ndoo," Luned alisema. Akaanza kunawa mikono. "Nilimfundisha Mared miaka minne. Ningempa kiti cha huruma angenirushia kichwani."

"Mared hayupo," Arwel alisema kwa upole. "Nest yupo."

Akaondoka akinyanyua miguu kama kuku kwenye umande. Luned akaketi juu ya majani na mikono yake ikiwa bado inachuruzika maji. Neno lile lilikuwa limempata barabara. Alitaka kumpa Nest kiti hicho kuliko alivyowahi kukitaka kiti chochote kwa ajili yake mwenyewe, na yeye anavyo viwili. Hilo lijulikane, maana baadaye yalisemwa mengi.

Sasa, Luned hasomi shairi kwa macho. Hulisema kwa sauti, akitembea, akilisha mifugo, akifunga lango. Anasema jicho ni jambazi linalopita juu ya uongo bila kujikwaa, ila ulimi hujikwaa. Katika darasa lake la majira ya baridi, kila Jumanne kwenye chumba cha nyuma cha baa, hakuna anayeruhusiwa kuandika mpaka mstari wake ameusema mbele ya wenzake. Na kama mstari unamhusu mtu, lazima uuseme ukijifanya mtu huyo yuko mlangoni anasikiliza. Ukiona aibu, ni uongo. Ufute, tafuta mwingine. Wageni wengi huacha darasa wiki ya pili.

Kanuni zetu zenyewe si za mchezo. Kila mstari una mizani yake, na juu ya hiyo, sauti za nusu ya kwanza lazima ziitikiwe na nusu ya pili, moja baada ya nyingine, kama pande mbili za kwaya. Anayejua vina na mizani ataielewa nusu ya adha hiyo, na nusu iliyobaki aombe Mungu asiijue. Mared alikuja darasani akiwa na miaka kumi na mitano, ana pete ya puani na kicheko kinachosikika ng'ambo ya bonde, akasema kanuni hizo zilitungwa na wazee waliokosa televisheni. Baada ya mwezi alikuwa akigombana na Luned juu ya kila silabi. Luned alimpenda kwa ugomvi huo. Alipofariki, Luned alikaa mwezi mzima bila kutunga hata mstari.

Kisha, majani yalipoanza kuanguka, Nest aliingia kwenye chumba kile cha nyuma, akavua koti, akaketi mahali pa binti yake. Hakuwa ametunga kitu maishani mwake zaidi ya tangazo la kupotea kwa paka. Hakuna aliyemuuliza kitu. Meilyr alimsogezea bia, darasa likaendelea.

Luned aliyasema mashairi yale matatu zizini, shambani, njiani, mpaka akayajua kwa moyo. La tatu lilikuwa mzaha wa mwenye baa na halina haja ya kuzungumziwa. La Dyfan, kwa lakabu ya Chozi, liliteleza mdomoni kama siagi. Kila alipolimaliza alijikuta hakumbuki limesema nini. La Nest lilimkwaza kila mahali. Mizani imevunjika hapa, sauti hazikuitikiwa pale, na mistari iliyonyooka ilinyooka kwa sababu ilikuwa ya kuazima. Ila kulikuwa na mstari mmoja. Mara ya kwanza alipousema, Luned alisimama katikati ya shamba, na mbwa wake akasimama, akamtazama.

Siku ya tamasha ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka kwenye ngazi. Watoto waliimba, wazee waliimba, mtu alighani kwa dakika nyingi mno, na nyuma akina mama walikuwa wakimwaga chai na kukata mikate ya zabibu. Kiti kilisimama jukwaani, kizuri, mbao nyeupe, hakina mapambo isipokuwa jani moja mgongoni. Nest aliketi safu ya tatu akiwa na koti lake la buluu. Dyfan Viti aliketi pembeni kwenye njia, mahali ambapo mtu anaweza kusimama akaonekana vizuri, na nje gari lake lilikuwa limeng'olewa viti vya nyuma ili kupatikane nafasi. Hilo kila mtu aliliona.

Utaratibu ni huu. Jaji anatoa hukumu yake, tarumbeta inapigwa, lakabu ya mshindi inatajwa, na hapo ndipo mshindi, ambaye hakuna anayemjua, anasimama mahali alipo kwenye kundi la watu. Kabla ya hapo hata kukohoa kwa nguvu ni utovu wa adabu. Arwel alikuwa amemwagiza Gwerfyl wa bendi apige tarumbeta Luned atakapovua miwani, kwa kuwa Luned hawezi kutazama watu wa mbali akiwa ameivaa, na kila mwaka huivua akimaliza.

Lakini ukumbi ulikuwa na joto na mvuke wa chai. Luned alipanda jukwaani, akafungua mdomo, akaona ukungu mtupu, akavua miwani aipanguse.

Gwerfyl akapiga. Akapiga vizuri, pia, kwa mapafu yote.

Na Dyfan Viti akasimama.

Hakuna aliyekuwa ametaja jina. Hakuna aliyekuwa amesema hata "mabibi na mabwana". Dyfan alisimama wima, kidevu juu, ana uso wa mtu aliyeshangazwa na heshima kubwa, uso ambao bila shaka alikuwa ameufanyia mazoezi. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

"Keti, Dyfan," Luned alisema akiendelea kupangusa miwani. "Hata sijaanza."

Watu walicheka mpaka vikombe vikagongana. Dyfan aliketi akiwa mwekundu masikioni, na tuseme kweli, hilo lilitosha kuwa adhabu kwa mwaka mzima. Luned akangoja kicheko kiishe.

Alianza na mwenye baa, akamwomba kwa hisani ya kijiji aendelee na biashara ya bia. Kisha akaja kwa Chozi.

"Chozi hana kosa," alisema. "Nimelisaka kosa kama mtu anavyosaka kupe, sikuliona. Chozi anatuambia binti yetu alikuwa mkimya kama theluji ikianguka."

Huko nyuma Meilyr akaangua kicheko, hakuweza kujizuia, na wengine wakafuata, maana nani katika bonde hili hakuwahi kuamshwa usiku na Mared akipita na pikipiki yake. Kicheko kikaenda ukumbi mzima, kikafika safu ya tatu, kikakoma.

"Mnacheka kwa sababu mlimjua," Luned alisema. "Chozi hakumjua. Au alimjua, ila theluji iliitikia vizuri kuliko ukweli. Wengi mnadhani kanuni zetu ziliwekwa ili watu waonyeshe ufundi. Hapana. Ziliwekwa ili neno la kwanza linalokuja likataliwe. Na la pili likataliwe. Na la tatu. Mpaka mtu achoke kuazima, aingie ndani mwenyewe kulitafuta neno ambalo hakutaka kulitoa. Basi. Hiyo ndiyo kazi ya mizani, haina nyingine. Chozi amezizoea kanuni mpaka hazimkatazi kitu tena."

Dyfan alitazama viatu vyake. Luned akavuta pumzi.

"Dirisha ameandika mstari ambao ningetoa viti vyangu vyote viwili niwe nimeuandika mimi." Akausema, polepole, kama anavyowafundisha wanafunzi wake kusema:

"Basi la chuo lapita, mkononi ni pazia."

Kila mtu ukumbini alijua ni dirisha lipi, na basi lipi, na nani alikuwa akipanda basi hilo kila asubuhi akichelewa.

"Mstari mmoja," Luned alisema. "Mingine imevunjika, na ile isiyovunjika imeazimwa kwa watu wengine. Dirisha alichungulia mara moja, akaona, akafunga pazia. Simlaumu. Lakini siwezi kusema shairi limekamilika wakati halijakamilika. Mwaka huu kiti hakina mtu."

Nest alisimama. Akachukua mkoba wake, akafunga koti lake kifungo kwa kifungo, akapita mbele ya kiti bila kukitazama, akatoka. Watu walimpisha kama wanavyolipisha jeneza.

Luned aliposhuka jukwaani mama mmoja mwenye birika alimwambia ana moyo wa jiwe. Mwingine alimgeuzia mgongo. Arwel alikuwa amejishika kichwa. Luned hakujuta. Aliumia, ndiyo, aliumia sana, lakini hakujuta, na hayo ni mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Alichukua koti lake akashuka barabarani kuelekea posta, jua bado liko juu ya mlima.

Aligonga mlango wa nyuma.

"Posta imefungwa," Nest alisema kutoka ndani.

"Sikuja kununua stempu."

Mlango ukafunguka. Nest hakuwa analia. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa imemnyoosha mgongo, akaonekana mrefu.

"Ulijua ni langu."

"Nilijua kuanzia lile basi."

"Na ukaninyima."

"Nilikunyima."

"Nilitaka kitu kimoja, Luned. Kimoja. Kiti kiingie mlango huu, nikiweke pale karibu na jiko, niseme nimekipata kwa ajili yake. Watu wote walikuwa tayari kupiga makofi. Wote. Wewe tu na ulimi wako."

"Wangepiga makofi," Luned alisema. "Kisha wangeenda zao, na wewe ungebaki hapa jikoni na kiti, unakitazama, unajua."

"Najua nini?"

Luned alivuta kiti cha kawaida cha jikoni akaketi bila kukaribishwa. "Mstari wako wa mwisho. Useme."

"Siusemi."

"Basi nausema mimi. Kalala kwa utulivu, mikononi mwa Mwokozi. Tumezaliwa tukisikia maneno kama hayo kanisani, Nest. Mizani yake safi, haina hata mkwaruzo. Sasa niambie mimi, hapa hakuna kamati wala mchungaji. Mared alilala kwa utulivu?"

Nest aligeukia sinki. Akafungua bomba, akalifunga.

"Hapana," alisema.

"Ilikuwaje?"

"Alinifukuza." Sauti ilitoka ndogo. "Alikuwa na hasira. Alisema, toka Mam, nenda. Basi nikatoka. Nikashuka chini kwenye ile mashine ya chai. Niliporudi nesi alikuwa amesimama mlangoni, ananizuia. Kila mtu nimemwambia nilimshika mkono. Wewe pia nilikuambia. Sikumshika mkono. Nilikuwa nanywa chai, Luned. Mwanangu anakata roho, mimi nanywa chai."

Mwingine angesimama akamkumbatia. Luned alitaka kusimama. Lakini alikuwa amefanya kazi hii miaka mingi, na alijua kwamba ukimkumbatia mtu wakati huo anafunga mdomo, na kilichotoka kinarudi ndani kikiwa kizito zaidi.

"Sema tena," alisema.

"Niseme nini?"

"Kama ulivyosema. Nilikuwa nanywa chai. Hiyo ni nusu ya mstari, Nest. Imetimia yenyewe, wala haina hata neno moja la kuazima. Nusu ya pili iko wapi?"

Nest alimgeukia kama anayetaka kumpiga kofi. "Una wazimu wewe? Nakueleza mwanangu alivyokufa, unahesabu silabi?"

"Nahesabu. Chai gani?"

"Chai ni chai. Ya mashine. Kwenye kikombe cha karatasi."

"Kikombe hakiitikii. Ilikuwaje chai yenyewe?"

"Ya moto."

"Neno la kwanza hilo. Kila chai ni ya moto."

"Mbaya basi. Chafu. Chungu." Nest akasita. "Hapana, haikuwa chungu. Ilikuwa tamu. Tamu ya kuudhi, nilibonyeza kile kitufe cha sukari, nikabonyeza tena, na tena..."

Mkono wake ulikuwa hewani, kidole kimenyooka, kinabonyeza kitu kisichokuwepo.

"Mimi sinywi sukari," alisema.

Luned alivuta kiti chake karibu.

"Luned, mimi sinywi sukari. Niliacha nikiwa na mimba yake, ilikuwa inanitapisha." Aliketi taratibu kwenye kiti cha pili, macho kwenye kile kidole. "Ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyekuwa akijaza sukari mpaka kijiko kinasimama. Toka Mam, nenda... nenda kaniletee chai ya maana, hii yao ni maji ya kuoshea vyombo. Ndivyo alivyosema. Ndivyo hasa alivyosema. Alikuwa ameikasirikia chai. Na mimi nilikuwa naionja njiani, nione kama imekolea, kwa sababu isipokolea angenirudisha chini tena."

Ndipo akalia, kwa sauti, bila kujificha uso, na Luned akamshika mkono na kuushikilia. Miezi yote ile mwanamke huyu alikuwa ameamka kila siku akiamini kwamba alifukuzwa na mwanawe. Alitumwa. Alitumwa chai, kama alivyotumwa mara elfu, na akaenda.

Alipotulia, Nest alijipangusa kwa mkono wa sweta lake la kanisani. Akatazama meza. Midomo yake ikacheza bila sauti, kisha akasema, kama anayejaribu kama barafu itambeba:

"Nilikuwa nanywa chai, sukari yake naonja."

Luned alihesabu kwa vidole juu ya meza, kwa mazoea tu. Hakukuta cha kupunguza.

Mlango wa nyuma uligongwa. Alikuwa Meilyr, kofia mkononi, na nyuma yake barabarani trela lenye kiti kilichofunikwa blanketi. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaona macho mekundu manne, akatamani arudi alikotoka.

"Samahani, Nest," alisema. "Arwel ameniagiza nikuulize. Kiti nikuingizie humu, au?"

Nest alikitazama kile kiti juu ya bega la Meilyr.

"Kirudishe ukumbini," alisema. "Kinisubiri huko mpaka mwakani. Sijamaliza."